MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Geuza Pambo Utazame Nyuma



Mwezi uliopita nilipokea barua ya karani mmoja akaaye Uthiru, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi. Barua yenyewe ilikuwa fupi, nayo ilikuwa na ghadhabu kidogo. Alisema kwamba mke wake hukesha akidarizi mapambo ya kutundika katika mti wa Krismasi. Mwaka jana alishona mapambo 40 kwa mshono wa msalaba, akayapeleka katika duka moja la katikati ya mji, na tarehe 20 Desemba yakarudishwa yote katika mfuko wa karatasi. Fedha zile zilikusudiwa kulipa karo ya mtoto mwezi wa Januari, na kwa kuwa hazikupatikana, ikabidi karo ikopwe. "Sasa naona ameanza tena," aliandika. "Amekwisha nunua nyuzi. Je, nimkataze?"

Sikumjibu kwa barua. Kazi ya mkono haihukumiwi kwa maneno. Hushikwa, ikageuzwa, ikatazamwa. Nikamwomba ruhusa niyaone mapambo hayo, naye akakubali. Basi Jumamosi moja nilipanda matatu mjini, tukapita Westlands na Kangemi kwa barabara kuu ya Waiyaki, nikashuka Uthiru. Bwana Karani alinipokea kwa heshima, akasema, "Karibu, Mama". Lakini niliona usoni mwake kwamba amekwisha kata shauri, na alilotaka kwangu ni kutia sahihi tu. Mke wake aliniamkia, akaweka chai mezani, kisha akaenda kuuleta ule mfuko. Aliuweka mbele yangu bila kusema neno.

Nikayamwaga mapambo mezani. Palikuwa na twiga, jogoo, nyota, kiondo, na ua la jakaranda la rangi ya zambarau. Nasema kweli, wasomaji wangu, kwa mbele yalipendeza. Mama yule ana macho mazuri na mkono mwepesi. Kisha nikayageuza moja moja, na hapo sababu ya kurudishwa ikaonekana wazi. Nikayatenga mafungu manne. Katika fungu la kwanza yalikuwa 11: uzi mwekundu ulichuja rangi, na kitambaa cheupe kikawa na mawaa kama ya juisi ya zambarau. Fungu la pili yalikuwa 14: kingo zilifumuka, nyuzi zikatoka nje kama ndevu. Fungu la tatu yalikuwa 9: kitanzi cha kutundikia kilishonwa kando au kilishikizwa kwa mshono mmoja tu, hata pambo likaning'inia upande. Fungu la nne yalikuwa 6, na hayo hayakuwa na kasoro yoyote.

"Mwanangu," nikamwuliza, "kushona ulijifunza wapi?"

"Shuleni, Mama, na kwa mama yangu mzazi."

"Na kumalizia ulijifunza wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Kumalizia hakuna aliyenifundisha. Nilidhani ukifika msalaba wa mwisho, kazi imekwisha."

Basi hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze juma hili. Msalaba wa mwisho si mwisho wa kazi. Ni katikati ya safari. Ninyi wakulima mwalijua jambo hili kuliko mimi. Kahawa iliyopaliliwa vema, ikachumwa ikiwa nyekundu, ikaoshwa, huweza kuharibika katika vitanda vya kuanikia kwa uzembe wa siku chache tu. Mnunuzi haulizi ulivyopalilia. Huitazama buni iliyo mbele yake. Na mnunuzi wa pambo ni vivyo hivyo: kwanza hulitazama mbele, akatabasamu, kisha hulitazama nyuma, na hapo ndipo anapoamua kama atafungua mkoba.

ASILI YA KAZI HII

Mshono wa msalaba ni mshono mwepesi kuueleza. Uzi hupita mshazari juu ya mraba mdogo wa kitambaa, kisha uzi wa pili hupita juu yake mshazari wa upande mwingine, ikawa alama kama ile ya kuzidisha katika hesabu. Misalaba mingi ikipangwa kwa hesabu na kwa rangi huwa ndege, au ua, au herufi za jina. Mtu asiyejua kuchora aweza kuifanya, mradi ajue kuhesabu.

Kazi hii ni ya kale, wala si mali ya taifa moja. Wanawake wa Palestina wameipamba nguo yao kwa mshono huu tangu zamani, na mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitia sanaa yao ya kudarizi katika orodha ya urithi wa binadamu. Wao huiita kwa neno la Kiarabu ambalo sisi nasi tunalo katika lugha yetu, yaani kutarizi. Huko Uingereza kipo kitambaa cha mazoezi ya kudarizi kilichoshonwa na Jane Bostocke mwaka 1598; ndicho cha zamani kuliko vyote vya nchi hiyo vilivyoandikwa mwaka wake, nacho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Wakati huo ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Na hapa kwetu pwani, nani asiyezijua kofia zinazoshonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa muda wa wiki nyingi? Mwanamume anayedharau kazi ya sindano naavue kwanza kofia yake.

Hapa Kenya vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilipoanza mwaka 1952, kushona kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa, pamoja na upishi na malezi ya watoto. Matunda yake bado twayaona katika nyumba nyingi: vitambaa juu ya makochi, vitambaa juu ya meza, kitambaa juu ya redio. Pambo la Krismasi ni mtoto mdogo wa vitambaa hivyo. Tofauti yake ni hii, kwamba kitambaa cha kochi hulala, upande wake wa nyuma ukafichika. Bali pambo huning'inia hewani, likazunguka kwa upepo mdogo wa mlango, na kila mgeni huuona mgongo wake.

VIFAA

Mkaaji wa Nairobi hana haja ya kuhangaika. Aende Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street, si mbali na Soko la Jiji na Msikiti wa Jamia. Huko maduka ya vitambaa na nyuzi yamekaa karibu karibu tangu siku za wazee wetu. Aombe kitambaa cha kudarizi kiitwacho Aida, ambacho kimefumwa kwa miraba yenye matundu. Hupimwa kwa idadi ya miraba katika inchi moja, na kinachowafaa wengi ni kile cha miraba 14. Hesabu yake si ngumu: mchoro wenye miraba 42 kwa upana utakuwa na inchi 3 kamili, yaani kama sentimita 7 na nusu. Ukubwa huo watosha kwa pambo la mti.

Uzi wa pamba wa kudarizi huuzwa katika vitita vya meta 8, nao una nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. Kwa kitambaa cha miraba 14 hutumiwa nyuzi mbili tu kwa mara moja. Basi, mkikata kitita katika vipande vya sentimita 45, mtapata vipande 17, na kila kimoja kikigawanywa mara tatu, mtakuwa na nyuzi 51 za kushonea. Nayaandika haya kwa sababu nimewaona watu wanaoshonea nyuzi zote sita, pambo likanenepa kama mkeka na mfuko wa fedha ukakonda. Wala msikate uzi mrefu kupita kipimo hicho kwa kuona uvivu wa kutunga sindano. Uzi mrefu husuguliwa kila upitapo tunduni, ukachakaa kabla haujaisha.

Sindano iwe butu, yenye tundu kubwa, maana kazi yake ni kupita katika matundu yaliyopo, si kutoboa mapya. Kwa kuchora, mchukueni daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Kila mraba wa daftari ni msalaba mmoja. Chora twiga wako humo kwa kalamu ya risasi, uhesabu, ufute, uchore tena, mpaka shingo yake isiwe fupi kama ya mbuzi. Na nawasihi, choreni vitu vya kwetu. Theluji na paa wa nchi za baridi wamejaa katika maduka yote ya dunia, nao hutengenezwa kwa mashine kwa bei tusiyoweza kushindana nayo. Lakini jogoo wa Kabete, au kiondo, au ua la jakaranda, mgeni atavipata wapi ila kwetu?

KUSHONA

Kunja kitambaa mara mbili ili upate kitovu chake, uanzie hapo, nawe hutakosa nafasi upande mmoja. Acha sentimita 5 kila upande pasiposhonwa. Mama wa Uthiru aliacha sentimita moja tu kwa kuhurumia kitambaa, na hiyo ndiyo iliyomletea lile fungu la mapambo 14 yenye ndevu. Bahili wa kitambaa hulipa kwa jasho.

Kabla ya kuanza, piga bandi kuzunguka ukingo ili kitambaa kisifumuke mkononi mwako. Usifunge fundo mwanzoni mwa uzi. Shikilia mkia wake nyuma kwa kidole, na misalaba minne mitano ya kwanza iulalie. Ukimaliza, pitisha mkia chini ya mishono iliyokwisha shonwa, kisha ukate. Fundo huvimba, na pambo likijazwa pamba fundo hilo husukumwa mbele, likaonekana kama upele. Kadhalika usiruke na uzi wa rangi nzito kutoka upande mmoja hadi mwingine penye nafasi tupu. Utaonekana kwa mbele kama kivuli. Afadhali ukate, uanze tena.

Jambo la mwisho katika kushona ni hili: mshazari wa juu wa misalaba yote uelekee upande mmoja. Ukichanganya, mwanga utauangukia uzi kwa namna mbili, na pambo litaonekana lina mabaka hata kama rangi ni moja. Hapo hakuna dawa ila kufumua.

KUMALIZIA

Sasa tumefika penye shauri lenyewe. Tazameni kwanza rangi. Uzi wa rangi nzito, hasa mwekundu, lazima ujaribiwe kabla ya kushonwa. Loweka kipande chake, ukibane katika kitambaa cheupe, ungoje. Kikiacha doa, uzi huo uoshwe kwa maji baridi mara kwa mara mpaka maji yatoke safi. Na kama hautaki, usiutumie. Mimi nasema kwa uchungu, maana katika ujana wangu nilidarizi kitambaa kizima cha meza kwa ajili ya arusi ya ndugu yangu, maua mekundu juu ya kitambaa cheupe, kazi ya miezi mitatu. Usiku wa kuamkia arusi nikakifua kwa maji ya moto. Asubuhi kilikuwa rangi ya waridi chote. Watu waliokula juu yake walidhani nilikusudia hivyo, wakanisifu, nami sikula.

Pambo lililokwisha shonwa lioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, likaushwe kivulini, kisha lipigwe pasi likiwa limelala kifudifudi juu ya taulo nene. Ukipiga pasi kwa mbele utaibana misalaba, ikalala kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kijimto. Punguza ukingo mpaka ubaki sentimita moja na nusu. Kata kitambaa cha mgongo kwa kipimo hicho hicho. Kipande cha kitenge au cha leso chafaa sana, na fundi cherehani yeyote wa Kawangware ana vipande vingi alivyobakiza. Weka nyuso mbili zitazamane. Kitanzi ukitie ndani, katikati kabisa ya upande wa juu, kichwa chake kikielekea chini na ncha zake zikitoka nje ya ukingo. Watu wengi hukosea hapa, wakakiacha kichwa nje. Wakigeuza pambo, kitanzi humezwa. Shona kuzunguka kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, na penye kitanzi ushone mara tatu. Acha mlango wa sentimita 4 upande wa chini. Kata ncha za pembe, bila kuugusa mshono, kisha geuza. Sukuma pembe kwa penseli butu. Jaza pamba kidogo kidogo, ukianza na pembe, maana pamba ikitiwa bonge moja itakaa kama jiwe. Mwisho funga mlango kwa mishono midogo isiyoonekana.

Njia ya pili ni ya pambo bapa, nayo hupendwa na wanunuzi kwa sababu ni jepesi na huingia katika bahasha. Kata makaratasi magumu mawili yaliyo sawa. Boksi la unga wa uji latosha. Juu ya moja tandaza pamba nyembamba, ulivute pambo juu yake, na kwa nyuma ufunge ukingo kwa uzi unaokwenda huku na huku kama kamba za kiatu. Karatasi la pili livikwe kitenge vivyo hivyo. Kisha migongo ikutane, uishone kingo kwa kingo. Na ili mshono huo usionekane, uzungushie kamba ndogo iliyosokotwa, ambayo pale juu itajikunja yenyewe kuwa kitanzi, na chini itaning'iniza kishada. Mwenye kupenda aweza kutia ushanga mmoja juu ya kishada.

Kamba hiyo hutengenezwa hivi. Kata nyuzi zenye urefu mara tatu wa kamba unayoitaka. Mtu mmoja ashike ncha hii, mwingine ncha ile, wasokote kwa pande zilizo kinyume mpaka uzi uanze kujikunja wenyewe. Kisha uukunje katikati, ncha zikutane, uachie. Nyuzi mbili zitajisokota pamoja, nazo hazitafumuka tena. Mtu mmoja aweza kuifanya kwa kufunga ncha kwenye kitasa cha mlango. Lakini kwa wawili hutoka iliyo sawa zaidi.

Nilipokuwa nikimwonyesha mama yule jambo hili, nilikosa mtu wa kushika ncha ya pili, maana yeye alikuwa akitazama mikono yangu ili ajifunze. Nikamtazama Bwana Karani. Akatazama dirishani. Nikamwambia, "Bwana, shika hapa." Akashika. Mwanzoni alishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Kamba ya tatu alikuwa akitusahihisha sisi.

HESABU

Baada ya chai ya pili nilimwuliza mama aliuza, au alitaka kuuza, pambo moja kwa bei gani. Akasema shilingi 150. Nikamwuliza alifikaje hapo. Akasema jirani aliuza hivyo.

Basi tukatoa kalamu. Jogoo wake ana misalaba 480. Yeye hushona misalaba 240 kwa saa moja akiwa ametulia, kwa hiyo jogoo ni kazi ya saa 2. Kumalizia vema huongeza dakika 45. Tuseme kitambaa, uzi, pamba na kitenge cha pambo moja ni shilingi 60. Akiuza kwa 150, zimebaki 90. Zigawanywe kwa saa 2 na dakika 45, zinakuwa kama shilingi 33 kwa saa. Kwa fedha hizo afadhali alale, ayapumzishe macho. Lakini pambo lililomaliziwa vizuri, lenye kamba na kishada, likiuzwa kwa 400, zimebaki 340, yaani zaidi ya shilingi 120 kwa saa. Saa ni zile zile. Jogoo ni yule yule. Kilichozidisha malipo zaidi ya mara tatu ni mgongo wa pambo. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisha nikauliza mapatano yake na duka yalikuwaje. Akasema aliacha mapambo kwa mali kauli, yaani alipwe yakiisha kuuzwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mali kauli si jambo baya, ni desturi ya kale ya wafanya biashara, lakini yataka maandishi: idadi ya vitu, bei, fungu la mwenye duka, na siku ambayo visivyouzwa vitarudishwa. Siku hiyo iwe mwisho wa Novemba, si tarehe 20 Desemba. Kwa Novemba bado mna majuma matatu ya kwenda kwingine: minada ya makanisa na shule huko Lavington na Karen, soko la Maasai linalohamahama hapa mjini, au Posta, kwa jamaa walio ng'ambo wanaotamani kitu cha nyumbani katika mti wao. Na mwenye duka apelekewe kwanza mapambo mawili matatu ya mfano, ayageuze mbele yenu, aseme kasoro yake. Ni heri kulijua neno baya mwezi wa Septemba.

Wala msidhani kwamba kazi ndogo za mikono haziwezi kulisha watu. Kiwanda cha shanga cha Kazuri huko Karen kilianza mwaka 1975 na wanawake wawili tu. Mwaka 1996 kikundi cha Amani ya Juu kilianza hapa Nairobi, kikawakusanya wanawake waliokimbia vita katika nchi mbalimbali za Afrika, wakajipatia riziki kwa sindano na kitambaa. Nawataja hawa kwa sababu walianza na wachache, kwa vitu vinavyoenea katika kiganja cha mkono.

JIBU LANGU

Tuliyapitia tena yale mapambo 40. Mapambo 9 yenye vitanzi vibovu yanatengenezeka yote. Katika yale 14 yaliyofumuka, 9 yataokolewa kwa kuzungushiwa kamba. 5 mafumuko yameifikia misalaba yenyewe, hayafai. Yale 11 yaliyochuja rangi tulijaribu kuyaloweka, lakini wekundu uliokwisha kuingia haukutoka. Pamoja na yale 6 mazima, yatapatikana 24 ya kuuza, na 16 yamepotea. Mama aliyatazama hayo 16 kwa muda, kisha akayarudisha mfukoni, akasema atayaweka yamkumbushe. Bwana Karani aliandika hesabu yote katika daftari jipya: mapambo, nyuzi, saa, na ile karo aliyoikopa. Mali bila daftari hupotea bila habari, naye ni karani. Sikuwa na haja ya kumwambia mara mbili.

Basi, Bwana, hili ndilo jibu langu, nalo nalitoa mbele ya wasomaji wote kwa kuwa wako wengi wenye swali kama lako. Usimkataze. Mke wako hakushindwa kwa uvivu wala kwa ujinga, bali kwa kukosa nusu ya elimu ya kazi yake, na nusu hiyo ameipata katika alasiri moja. Lakini usimwachie peke yake. Yeye ahesabu misalaba, wewe uhesabu saa na shilingi. Yeye ashone, nawe ushike ncha ya kamba. Anzeni sasa, msingoje Desemba, mwezi ambao miti ya saipresi inauzwa kando ya barabara na kila mtu ana haraka. Na kabla pambo lolote halijatoka nyumbani mwenu, mligeuze ninyi wenyewe kwanza.

Nilipoaga, mama alinisindikiza mpaka kituoni. Njiani aliniuliza kama jogoo mwekundu aweza kushonwa kwa uzi wa kahawia, kwa kuwa sasa anauogopa wekundu. Nikamwambia asiuogope, aujaribu kwa maji, kisha aushone.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kushona vifungo vya sare za shule visikatike kabla ya muhula kwisha. Wenye maswali waandike, na wenye mapambo wayalete tuyatazame.

Wasalaam.